Mamangu amevunjika mkono karibu na kifundo. Plasta yambana, na ami ataka tuikate tumpeleke kwa mganga wa mifupa

MwanaKibokoni

Assalaam aleykum nyote. Naomba ushauri wa haraka, na mwenye elimu ya mifupa tafadhali asinipite.

Mamangu ana miaka 66. Juzi alasiri alikuwa achukua udhu, sakafu ya bafu ilikuwa imelowa, akateleza. Alijikinga kwa mkono wa kulia, kiganja kikatangulia chini. Hakuanguka kutoka juu wala hakugongwa na kitu, alianguka pale pale aliposimama. Tulipomwinua mkono ulikuwa umepinda juu ya kifundo. Tukaita tuktuk mpaka hospitali moja hapa mjini Mombasa, akapigwa picha, daktari akasema ule mfupa mkubwa wa upande wa dole gumba umevunjika karibu na kifundo. Wakamdunga sindano ya ganzi, wakauvuta, wakamfunga plasta kuanzia chini ya kiwiko mpaka kiganjani. Tukapewa vidonge vya maumivu na karatasi ya kurudi wiki ijayo. Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyetueleza zaidi ya hapo.

Tangu jana usiku halali. Asema plasta yambana na mkono wachoma kwa ndani. Vidole vimevimba mpaka pete ya ndoa haizunguki. Ameulaza mkono mapajani, hausogezi, ukiugusa yuwalia. Na mamangu si mtu wa kulia.

Ami yangu amekuja asubuhi. Kwake yeye plasta ndiyo inayomuumiza, tuikate kwa kisu hapa nyumbani, tumvushe feri kwa mganga mmoja wa mifupa upande wa kusini amkande kwa mafuta amfunge magango ya vijiti. Asema wazee wetu waliunga mifupa kabla eksirei haijaja. Ami ni mkubwa wangu, siwezi kumbishia bila sababu ya kushika. Dadangu naye asema tungoje wiki ijayo kama tulivyoambiwa.

Tufanye lipi? Na mtu avunjikaje mfupa kwa kuteleza tu?

---

Kuli_Kilindini

Pole sana dada, Mungu ampe mama shifaa. Mimi nasema msikilizeni ami. Niliteguka kifundo cha mguu nikishusha mzigo bandarini, mzee mmoja Mtongwe akanikanda kwa mafuta ya mawese na kunifunga kitambaa, nikarudi kazini. Hospitali wangenifunga plasta nikakaa nyumbani nakula deni. Hao wazee wana mikono, wanausikia mfupa kwa vidole.

---

FizioTudor

Wa aleykum salaam, mwanangu. Pole kwako na kwa mama. Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, kazi yangu ni mikono na mabega, na wengi ninaowapokea ni kina mama wa umri wa mamako waliovunjika pale pale alipovunjika yeye. Yako mengi ya kusema lakini mengine yatangoja.

Msingoje wiki ijayo. Msikate plasta nyumbani. Msimvushe feri. Mrudisheni hospitali sasa hivi, ile ile au nyingine yoyote yenye daktari wa mifupa. Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, mlango wa dharura haufungwi usiku.

Mnapongoja tuktuk, mwekeeni mkono juu ya mto, uwe usawa wa moyo, si mapajani. Pete itoke. Jaribu sabuni au mafuta ya nazi, ikikataa waambie hospitalini waikate. Pete sonara ataitengeneza tena, kidole hakina sonara. Kama amebaki na bangili mkono huo, nazo zitoke.

Kisha vitazame vidole. Bonyeza ncha ya kidole mpaka ipauke, achilia, damu irudi ndani ya sekunde mbili. Kina mama wetu wana hina, kwa hivyo kucha haitakwambia kitu. Tazama nyama ya upande wa chini, na hina ikiwa imefika hadi hapo, pima ubaridi wa vidole hivyo na vya mkono mwingine. Muulize kama dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vina ganzi. Halafu shika kidole kimoja umnyooshee wewe, taratibu. Akipata uchungu mkali unaopanda ndani ya mkono mpaka karibu na kiwiko, hapo ndipo penye hofu yangu.

Sababu ya kumpa ami ni hii. Mfupa ukivunjika, damu na maji huvuja ndani ya nyama, na uvimbe huendelea kukua siku mbili tatu za mwanzo. Plasta ikishakauka haitanuki. Mkandamizo wa ndani ukizidi nguvu ya mishipa midogo ya damu, damu haipiti tena, na misuli ikikaa bila damu saa 6 hivi huanza kufa. Misuli iliyokufa hukauka ikafupika, vidole vikajikunja kiganjani visifunguke maisha. Daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, aliieleza mikono ya namna hiyo mwaka 1881, na alilaumu bendeji zilizokazwa mno. Kwa hivyo ami ameona sawa kwamba plasta yaweza kuwa ndiyo inayomuumiza. Nakubaliana naye kabisa hapo. Lakini magango yaliyofungwa kwa kamba juu ya mkono uliovimba hubana vile vile, na kuukanda mkono uliovunjika huongeza uvimbe na kuusogeza mfupa ambao tayari ulikuwa umevutwa mahali pake.

Ikiwahiwa, tiba yake ni nyepesi. Plasta hupasuliwa kwa urefu wake wote, pamoja na pamba na bendeji ya ndani, mpaka ngozi ionekane, kisha ikatanuliwa. Ikichelewa ni upasuaji wa dharura. Mkiambiwa plasta kubana ni kawaida, msitoke. Mwambie daktari maneno haya: maumivu yazidi badala ya kupungua, dawa hazishiki, na akinyooshewa vidole yuwalia.

Nendeni. Ukirudi nitakujibu kuhusu mfupa.

---

MwanaKibokoni

Tumeenda usiku huo huo. Nilimsomea ami ulichoandika, akanyamaza kidogo, kisha yeye ndiye aliyetoka kutafuta tuktuk.

Daktari wa zamu alimnyoosha kidole kimoja tu, mama akapiga ukelele, hakuuliza tena. Wakaipasua plasta mpaka ngozi ikaonekana, pete wakaikata. Wakamlaza waangalie mkono kila saa. Alfajiri vidole vilikuwa vimepoa uchungu, ganzi imebaki kidogo kwenye dole gumba, na daktari asema hapana haja ya kupasuliwa. Mama amelala mpaka adhuhuri. Sijui nikushukuru vipi. Allah akulipe kheri.

Sasa yuko nyumbani, plasta imefungwa upya kwa bendeji, na maswali yamekuwa mengi kuliko mwanzo. Jirani ameleta supu ya kongoro asema ndiyo inayounga mfupa, anywe kutwa mara mbili. Mama mwenyewe swali lake ni moja: riziki yake. Kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi hapa mtaani, akuna nazi kwa mbuzi mwenyewe, akanda unga mwenyewe kwa mkono huo huo wa kulia. Ataka kujua atarudi lini. Na udhu afanyeje, plasta isilowe? Na bado sijajibiwa: kwa nini mfupa ulivunjika?

---

MamaWawili_Kisauni

Alhamdulillahi, nimefurahi kusoma. Udhu: mamangu alipofungwa plasta, imamu wa msikiti wetu alimwambia aoshe panapofikika, apanguse juu ya plasta kwa mkono wenye unyevu na atayamamu. Muulizeni sheikh wenu naye.

Niliingia hapa kwa jambo jingine. Swali lako la mwisho, dada, usiliache. Mamangu naye alianza na mkono, vivi hivi, kwa kuanguka kidogo tu pale kwenye ngazi. Mkono ukapona, sote tukasahau. Baadaye akajikwaa kwenye mkeka usiku akienda msalani, na safari hii ikawa nyonga. Tulimkuta chini, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, unyayo umegeukia nje. Tulimsimamisha tukidhani ni kuteguka, kumbe ule mguu haukufaa kukanyagwa hata mara moja. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma. Anatembea, lakini kwa fremu, na sokoni Kongowea haendi tena. Hakuna mtu, tangu ule mkono wa kwanza, aliyewahi kutuambia tupime mifupa yake.

---

FizioTudor

Mama Wawili, pole sana kwa mama. Umeandika jambo ambalo mimi hulisema kila wiki na mara nyingi hupita juu ya masikio, kwa hivyo nitaanzia hapo, riziki ya mahamri itafuata.

MwanaKibokoni, mfupa wa mtu mzima mwenye afya hauvunjiki kwa urahisi kwa kuanguka pale pale aliposimama. Ukivunjika, umri ukiwa zaidi ya 50 na hasa kwa mwanamke, ichukulie kuwa mfupa ulikuwa umekwisha kudhoofika mpaka vipimo viseme vinginevyo. Mwili hubomoa mfupa na kuujenga upya maisha yetu yote. Homoni ya estrojeni huuzuia ubomozi usipite kiasi. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka, ubomozi huutangulia ujenzi, na miaka ya mwanzo baada ya hapo ndiyo mfupa hupotea kwa kasi zaidi. Mwenyewe hasikii chochote. Ni mfano wa zile boriti za mkoko kwenye nyumba zenu za Mji wa Kale zikiingiwa na mchwa: ukitazama dari waiona imara, siku ikipewa mzigo ndipo ujue. Kwa kawaida kifundo cha mkono hutangulia, kwa sababu mtu wa miaka 60 bado ana wepesi wa kutoa mkono akianguka. Akifika miaka 75 au 80 mkono hauwahi tena, nyonga ndiyo inayopiga chini. Kati ya hapo kuna miaka kadhaa ya kufanya jambo. Mamako yumo ndani ya miaka hiyo.

Kwa hivyo siku ya kurudi kliniki, mwulizeni daktari waziwazi kuhusu kipimo cha uzito wa mfupa. Ni picha ya eksirei ya nguvu ndogo, hupiga nyonga na uti wa mgongo, haina maumivu. Jibu huja kwa namba: −2.5 au chini ya hapo ndiyo mfupa uliodhoofika. Kama kipimo ni ghali au ni mbali, daktari aweza kuamua kuanza tiba kwa historia peke yake, maana mvunjiko wa namna hii kwa umri huu ni ushahidi mzito. Mwambieni pia kama mama amepungua kimo, au mgongo umeanza kuinama, kwa sababu pingili za mgongo huvunjika kimya kimya na watu wakadhani ni uzee. Mwambieni dawa zote anazotumia. Kama ana pumu na amemeza prednisoloni kwa muda mrefu, hiyo hula mfupa. Na kama huwa anunua vile vidonge vya maungo visivyo na jina wala kiwanda, ambavyo humaliza maumivu siku ile ile, pelekeni pakiti, kwa sababu dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi, jamii ya hiyo prednisoloni, ndani yake katika nchi nyingi.

Tiba ipo na si ya ajabu. Inayotumika sana ni alendronati, kidonge cha mara moja kwa wiki. Humezwa asubuhi tumbo tupu, kwa gilasi nzima ya maji matupu, si chai, na asilale wala asile nusu saa, la sivyo huunguza koo. Figo ziangaliwe kwanza, na meno kama ana jino bovu. Daktari ndiye wa kuandika, nakueleza ili ukiandikiwa usije ukampa pamoja na chai na hamri.

Supu ya kongoro. Mshukuruni jirani, mama anywe akiipenda, ina joto na ina utomvu mzuri. Lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye supu ni kidogo sana. Mwanamke wa umri wake ahitaji miligramu 1,200 hivi kwa siku. Gilasi moja ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni wazuri mno, na mchuzi wa nazi wa dagaa hakuna asiyeuweza hapa pwani. Simsim pia. Mfupa una protini pamoja na hiyo kalsiamu, kwa hivyo mbaazi anazouza, azile na yeye. Nimeona kina mama wengi wanaouza chakula kizuri wakabaki na chai na mkate.

Jua. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kina mama wa Mombasa hukosa vitamini D, ilhali mji uko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Lakini jua lazima liifikie ngozi. Mama yuko ndani ya nyumba yenye uchochoro mwembamba, akitoka yuko ndani ya buibui, na ngozi yetu nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Jua la dirishani halina faida hiyo, kioo huzuia ile miale inayotakiwa. La saa moja asubuhi ni dhaifu bado. Kama mna ua wa ndani au darini kuna faragha, akae mikono na miguu wazi kati ya saa nne na saa nane mchana, dakika 15 hadi 30, siku nyingi za wiki. Nyumba isiyo na nafasi hiyo, daktari atampa vidonge.

Sasa mkono. Ami asikie hili nalo, maana hoja yake ya kwamba mifupa iliungwa kabla ya eksirei ni kweli tupu. Mvunjiko huu wa mama huitwa kwa jina la Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, aliyeueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei. Aliujua kwa macho na vidole. Wazee wetu nao walikuwa na vidole hivyo, na wapo hadi leo wenye navyo. Kinachonitisha ni mkono wenyewe kufungwa siku za uvimbe pasipo mtu wa kuuangalia usiku, na ngozi kukandwa juu ya mfupa uliovunjika. Nimewapokea watu waliotoka huko, na nimewapokea waliotoka kwenye plasta zilizofungwa hospitali zikabana vivyo hivyo. Mikono yote hiyo yalia sawa.

Plasta itakaa wiki 5 au 6 hivi. Wiki ya kwanza na ya pili apigwe picha tena, msikose, kwa sababu mfupa laini hupenda kuteleza ndani ya plasta uvimbe ukishuka, na ukigunduliwa mapema waweza kurekebishwa. Plasta yashika mfupa tu. Vidole, kiwiko na bega ni kazi yenu nyumbani kuanzia leo. Kila saa akiwa macho afunge ngumi kadiri awezavyo, afungue, atanue vidole, aguse kila ncha ya kidole kwa dole gumba. Akunje na kukunjua kiwiko. Ainue mkono wote kuelekea dari, mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni. Hili la bega watu hulidharau, na ndilo ninaloliona kwa uchungu zaidi: mtu aja na kifundo kilichopona vizuri kabisa lakini bega limeganda, hawezi kufunga mtandio wake. Kisa ni kitambaa cha shingoni kilichovaliwa kutwa kucha kwa wiki zote hizo. Avae akitoka. Nyumbani akivue.

Plasta isilowe. Kupangusa kwa kiganja chenye unyevu hakuidhuru, kuimwagia maji huilainisha. Na ikimwasha ndani asiingize kijiti wala sindano ya kushonea, kidonda cha ndani ya plasta ni taabu nyingine.

Mahamri. Mwambie mama simfichi. Plasta ikitoka mkono utakuwa mwembamba, mgumu, ngozi yakauka na kubanduka, na ataogopa. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Aanze kwa bakuli la maji ya uvuguvugu, akunje kifundo mbele na nyuma ndani ya maji. Kugeuza kiganja kitazame juu hurudi polepole kuliko vyote, ndiyo maana kupokea chenji itakuwa tabu kabla ya kupika. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi aanze kukanda unga, donge dogo laini, na kwa kweli siijui dawa ya mkono iliyo bora kuliko unga wa hamri. Kukuna nazi kwa mbuzi kuje mwisho, kwa sababu kule kusukuma na kuzungusha kifuu hukipa kifundo mzigo wote. Kama mkono waitikia mazoezi, nguvu nyingi hurejea ndani ya miezi 3 hadi 6, na huendelea kuongezeka hadi mwaka. Kwa sasa mtafutieni wa kukuna, au anunue nazi iliyokunwa, biashara isife.

Dalili mbili za kurudi kabla ya siku: mkono ukiwa moto, unang'aa, unauma kupita kiasi hata ukiguswa na shuka; na baadaye, hata baada ya plasta kutoka, akiweka kiganja mezani akashindwa kuinua dole gumba juu. Ya pili ni kano iliyokatika, na hutokea ghafla bila maumivu makubwa.

Halafu bafu. Kuta zote mnazo, wekeni chuma cha kushikia. Mpira wa kukanyagia usioteleza chini. Ndoo ya udhu iwe juu ya kigoda asiiname, au akae kabisa akitawadha. Taa ya usiku njiani. Mikeka yenye ncha zilizokunjika iondoke. Na macho yake yapimwe, mtoto wa jicho huwaangusha wengi.

---

Kuli_Kilindini

Daktari, sikujua uvimbe waweza kuua mkono. Lakini mguu wangu je, si ulipona kwa kukandwa?

---

FizioTudor

Kaka, si daktari, fizio. Mguu wako ulipona, na nafurahi. Uliteguka, yaani kano zilivutika, na kano za kifundo cha mguu nyingi hupona zenyewe kwa wiki chache ukiupumzisha kidogo kisha ukautumia. Ukiumia tena jipime hivi: je, waweza kupiga hatua nne mwenyewe, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza mfupa wenyewe, kile kinundu cha ndani na cha nje kwa upande wa nyuma, pana uchungu? Hatua zikishindikana au mfupa wenyewe ukiuma, piga picha kwanza. Na siku mbili za mwanzo usikandwe, utaongeza damu ndani.

---

Kijana_Changamwe

Samahani kuingilia. Mimi naendesha boda, niliteleza kwenye mchanga nikaangukia kiganja. Nilipigwa picha wakasema hakuna kitu, mkono umeteguka. Lakini bado naumwa nikivuta kilachi, hapa kwenye kishimo cha nyuma ya dole gumba. Nina miaka 24. Mifupa yangu pia ni mibovu?

---

FizioTudor

Hapana mwanangu, kwako wewe ni jambo jingine, na usilipuuze. Kwa vijana kuanguka hivyo huvunja kimfupa kidogo cha kifundo kiitwacho skafoidi, na kishimo unachokitaja kiko juu yake kabisa. Picha ya siku ya kwanza mara nyingi haioneshi ufa. Kanuni ni kwamba pakiuma hapo, mkono hufungwa kana kwamba umevunjika na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Kimfupa hicho hupata damu kutokea upande wa vidole, kwa hivyo kikikatika katikati kipande cha upande wa pili chaweza kukosa damu na kufa, na hapo unaingia kwenye upasuaji na maumivu ya miaka, na wewe ni mtu wa kushika usukani. Nenda wiki hii. Waambie wapige picha ya skafoidi, si ya mkono tu. Pikipiki iache mpaka ujue.

---

MwanaKibokoni

Shukran sana, nimenakili yote kwenye karatasi na ami ameibandika jikoni. Mama ameanza kuhesabu vidole kwa dole gumba huku akivuta uradi, asema ni zoezi na ibada. Kliniki ni Jumatatu. Niende na nini?

---

FizioTudor

Picha zote, ya kabla ya kuvutwa na ya baada, msikubali zibaki huko. Karatasi ya siku ile plasta ilipopasuliwa. Dawa zake zote ndani ya mfuko, na zile za presha kama anazo, maana nyingine hufanya mtu aone kizunguzungu akisimama, na huenda nazo zina mkono katika kuteleza kwake. Mwambie daktari kuhusu ile ganzi ya dole gumba kama bado ipo. Na maswali mawili uyaandike juu kabisa: mfupa umekaa au umesogea, na lini tutapima uzito wa mifupa yake. Akikujibu la kwanza akaanza kuita mgonjwa mwingine, muulize la pili kabla hujainuka.